Kabla ya Kufundisha, Bwana Maendeleo Hujifunza Kusikiliza

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, hebu tufikirie kijiji kimoja. Katikati ya kijiji hicho kuna pampu ya mkono. Majani yameota kuizunguka. Mbuzi hujikuna kwenye mpini wake. Kila alfajiri akina mama hupita kando yake wakiwa na ndoo. Wanakwenda bondeni kuchota maji ya dimbwi. Hakuna hata mmoja anayeigeukia pampu ile.

Ukiwauliza wanakijiji, "Pampu hii ni ya nani?" mmoja atakujibu, "Ni ya wafadhili." Mwingine atasema, "Ni ya Serikali." Wa tatu atasema, "Ni ya yule Bwana Maendeleo aliyekuja na gari." Hakuna atakayesema, "Ni yetu."

Ndani ya pampu ile kuna kipande cha mpira kilicholika. Kipande chenyewe ni kidogo. Unaweza kukificha kiganjani. Kwa sababu ya mpira huo kijiji kizima kinakunywa maji machafu, na watoto wanaharisha.

Kijiji hiki ni cha mfano tu. Hatukukipa jina. Lakini wasomaji wengi watakitambua. Wengine wana pampu kama hiyo. Wengine wana josho lisilo na dawa, ghala lisilo na gunia hata moja, au mashine ya kusaga iliyoota kutu. Makala hii inaeleza kwa nini mambo hayo hutokea. Pia inaeleza jinsi watumishi wa maendeleo wanavyofundishwa ili yasitokee tena.

KOSA LILIANZA WAPI?

Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango mkubwa wa maji vijijini. Ulikuwa mpango wa miaka 20. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwanakijiji apate maji safi karibu na nyumbani, katika umbali usiozidi mita 400.

Nia ilikuwa njema. Kazi kubwa ilifanyika. Visima vilichimbwa na mabomba yalitandazwa. Lakini mwaka 1991 ulipofika, lengo lilikuwa halijafikiwa. Tena miradi mingi iliyokwisha kujengwa ilikuwa imesimama.

Sababu zilikuwa nyingi. Mafuta ya kuendesha mitambo yalikuwa ghali. Vipuri havikupatikana. Mafundi walikuwa wachache na walikaa mbali. Lakini ilikuwepo sababu nyingine. Mahali pengi watu watakaoyatumia maji hawakuulizwa lolote wakati wa kupanga. Waliitwa siku ya kuchimba mtaro, wakaitwa tena siku ya sherehe ya kufungua mradi. Mambo ya katikati hawakuyajua.

Mtu hatunzi kitu asichokijua mwanzo wake. Ndiyo maana sera ya maji ya mwaka 1991, na ile ya mwaka 2002, zilisisitiza kwamba watumiaji washiriki katika kuchagua mradi, kuuchangia, kuumiliki na kuuendesha. Na sheria ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Sheria hiyo hiyo imeweka vyombo vya wananchi vya kutoa huduma ya maji.

Sera na sheria ni karatasi. Karatasi haitembei yenyewe kwenda kijijini. Inabebwa na mtu. Mtu huyo asipojua kazi yake, kosa la zamani litarudi likiwa limevaa nguo mpya.

MTUMISHI NAYE HUENDA DARASANI

Watu wengi hudhani kwamba Afisa Maendeleo ya Jamii hufundishwa mambo ya kuwaambia wananchi. Ni kweli, yapo mambo ya kuwaambia. Lakini somo lililo gumu zaidi kwake ni kusikiliza.

Nchini mwetu vipo vyuo vinavyofundisha watumishi hawa. Kipo Tengeru, mkoani Arusha. Kipo Buhare, mkoani Mara. Kipo Rungemba, mkoani Iringa. Vipo na vingine. Aidha, watumishi walioko kazini hupewa mafunzo mafupi wilayani. Mwalimu, bwana shamba, bwana afya na mtendaji wa kijiji huweza kukaa darasa moja, kwa sababu wote wanahudumia kijiji kimoja.

Zoezi moja linalotumika sana katika mafunzo ya namna hii ni mchezo wa kuigiza. Mkufunzi humchagua mwanafunzi mmoja awe Bwana Maendeleo. Wengine huwa wanakijiji. Bwana Maendeleo husimama na kueleza faida za mradi wake. Wanakijiji hupiga makofi. Mwisho mkufunzi huwauliza wanakijiji wale, "Je, huyu bwana amewauliza swali gani?"

Mara nyingi jibu ni kwamba hakuuliza lolote. Au ameuliza moja tu, "Tumeelewana?" Nao wamejibu, "Ndiyo!" Hapo darasa zima hucheka. Lakini ni kicheko cha aibu, kwa kuwa kila mmoja anakumbuka mkutano alioufanya yeye mwenyewe namna hiyo hiyo.

Mtumishi hufundishwa pia namna ya kuuliza. Yapo maswali yanayofunga mlango, na yapo yanayoufungua. Ukiuliza, "Je, mnataka kisima?" umefunga mlango. Nani atakataa kisima? Lakini ukiuliza, "Wakati wa kiangazi mnapata wapi maji?" umeufungua. Mama mmoja atasema dimbwi la bondeni. Mwingine atasema yeye huondoka nyumbani jogoo la kwanza. Kijana atasema yeye huuza maji kwa baiskeli. Sasa unaanza kukijua kijiji.

Tena hufundishwa kunyamaza. Akishauliza asijijibu mwenyewe. Angoje. Mwanakijiji anayefikiri siyo mjinga. Anapima maneno.

Na hufundishwa mahali pa kukaa. Akikaa mezani, kwenye kiti chenye mto, na wananchi wakakaa chini juani, mazungumzo yamekwisha kabla ya kuanza. Akikaa nao kwenye gogo au mkekani, maneno yatakuja yenyewe.

WALIOTANGULIA: BAGAMOYO NA IRINGA

Mambo haya hayakuanza jana. Hapa kwetu yana historia.

Katika miaka ya 1970 alikuwepo mtafiti kutoka Finland, Bibi Marja-Liisa Swantz, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye na wenzake waliona kwamba watafiti wengi huenda vijijini, huuliza maswali, huandika vitabu, na wanakijiji hawapati kitu. Wakajaribu njia nyingine. Kati ya mwaka 1975 na 1979 watafiti wa Tanzania na wa Finland walifanya kazi pamoja katika wilaya ya Bagamoyo. Mradi huo uliitwa Jipemoyo. Waliishi na wananchi. Walichunguza matatizo pamoja na wenye matatizo. Watu wa nchi nyingine walijifunza kutokana na kazi hiyo.

Mfano wa pili ni Iringa. Katika miaka ya 1980 mkoa huo ulivuna mahindi mengi, lakini watoto wengi walikuwa na utapiamlo. Mpango wa lishe ukaanzishwa katika vijiji 168. Serikali ilisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha kutoka Italia.

Wataalamu hawakuanza kwa kugawa chakula. Walianza na mizani. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito hapo hapo kijijini. Matokeo yalijadiliwa na wanakijiji wenyewe. Waliulizana, "Ghala zimejaa. Kwa nini basi watoto wetu hawakui?"

Majibu yalitoka kwao. Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Anahitaji kula mara nyingi kwa siku. Lakini mama yuko shambani tangu asubuhi, na mtoto anakula mara mbili tu. Tena uji wenyewe ni mzito, mtoto anashindwa kuumeza. Uji ukiwa mwepesi, umejaa maji tu.

Baada ya kuijua sababu, waliweza kuchukua hatua. Vijiji vilianzisha vituo vya kulelea watoto wakati mama zao wakiwa kazini. Akina mama walihimizwa kutumia kimea. Unga kidogo wa kimea ukitiwa katika uji mzito, uji hulainika, na mtoto hula chakula kingi zaidi. Kimea hakikuletwa kwa meli. Bibi zetu walikijua tangu zamani.

Mwaka 1984 zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na uzito mdogo kuliko umri wao. Mwaka 1988 walikuwa wamepungua hadi chini ya watoto 40 katika kila 100. Wale waliokuwa na hali mbaya kabisa walipungua zaidi.

Njia ya Iringa ilikuwa na hatua tatu: kupima hali, kuchambua sababu, na kuchukua hatua. Kisha unapima tena. Ni duara lisilo na mwisho, kama kulima. Watumishi wengi wa maendeleo hufundishwa njia hiyo hadi leo.

RAMANI YA MCHANGA NA PUNJE ZA MAHINDI

Sasa turudi katika kijiji chetu cha mfano. Tuseme amefika Bibi Maendeleo mpya, aliyefundishwa vizuri. Atafanya nini?

Kwanza, ataamkia wenyeji. Atakwenda kwa mwenyekiti, kwa wazee na kwa akina mama wenye sauti. Hatataja mradi wowote.

Pili, atatembea. Atakata kijiji kutoka upande mmoja hadi mwingine, pamoja na wenyeji wachache. Ataona mashamba, njia, malisho, makorongo na lile dimbwi la bondeni. Ataiona na pampu, lakini hatasema neno. Atauliza tu, "Hiki ni nini?"

Tatu, ataomba wanakijiji wachore ramani. Haihitaji karatasi. Inachorwa chini, mchangani. Majivu yataonyesha barabara. Majani yataonyesha msitu. Mawe yatakuwa nyumba. Asiyejua kusoma ataweza kuichora ramani hii sawasawa na mwalimu.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Wanaume watachora ramani yao, na wanawake watachora yao, mbalimbali. Ramani hizo hazitafanana. Wanaume watachora barabara kuu, ghala, josho na kiwanja cha mpira. Wanawake watachora dimbwi, msitu wa kuni, zahanati na njia ya mashine ya kusaga. Kijiji ni kimoja, lakini macho ni mawili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nne, watapanga matatizo kwa uzito. Kupanga ni kuchagua, maana fedha na nguvu hazitoshi kwa yote. Lakini nani achague? Mkutanoni mwenye sauti kubwa atasema "Barabara!" na wengine wataitikia. Kwa hiyo Bibi Maendeleo hatumii sauti. Anatumia punje za mahindi.

Nyuma ya nyumba vinapangwa vibuyu vitano. Kila kibuyu ni tatizo moja. Kimoja kimewekewa jani, maana yake dawa za zahanati. Kingine jiwe, maana yake barabara. Kingine kimewekewa kata ya maji. Kila mtu mzima anapewa punje tatu. Anakwenda peke yake, na anatia punje mahali anapotaka. Hakuna anayemwona. Kisha vibuyu vinaletwa mbele ya watu wote, na punje zinahesabiwa kwa sauti.

Tuseme kibuyu cha maji kimepata punje nyingi kuliko vyote. Mzee mmoja atashangaa na kusema, "Kumbe! Mbona mkutanoni hamkusema?" Na bibi mmoja aliyekaa nyuma atajibu, "Mzee mwenzangu, mlituuliza lini?"

KWA NINI? KWA NINI? KWA NINI?

Tatizo limejulikana. Bado sababu. Mtumishi hufundishwa kuchora mti. Shina ni tatizo lenyewe. Matawi ni madhara yake. Mizizi ni sababu zake. Mti haufi kwa kukatwa matawi.

Wanakijiji wataanza, "Hatuna maji safi."

"Kwa nini?"

"Pampu imeharibika."

"Kwa nini haijatengenezwa?"

"Hakuna fedha ya mpira na ya fundi."

"Kwa nini hakuna fedha?"

"Hatukuchanga."

"Kwa nini hamkuchanga?"

Hapo watu watatazamana. Kisha mmoja atasema, "Hatukujua kama ni kazi yetu. Tulingoja waliotuletea."

Huo ndio mzizi. Ugonjwa wa kijiji hiki hauko kwenye mpira uliolika peke yake. Angekuja mtu leo akaweka mpira mpya bure, baada ya miaka michache pampu ingekufa tena. Na angalia, jambo hilo wamelisema wanakijiji wenyewe. Bibi Maendeleo angelisema yeye mapema, wangemwona anawatukana.

MPANGO UNAOSOMEKA

Sasa wanapanga. Mpango mzuri hujibu maswali sita. Tutafanya nini? Kwa nini? Nani atafanya? Lini? Kwa vitu gani na gharama gani? Tutajuaje kwamba tumefanikiwa?

Kabla ya kutazama nje, wanatazama walicho nacho. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 halmashauri zetu hutumia njia iitwayo Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Njia hiyo inawataka wananchi waanze na fursa, yaani mali na nguvu zilizopo. Kijiji chetu kina mchanga na mawe ya kutengeneza upya sakafu ya kisima. Kina vijana wawili waliojifunza ufundi. Kina miti ya kuzungushia ua ili mifugo isiingie. Kilichokosekana ni kipuri, mafunzo kidogo ya pampu, na utaratibu wa fedha.

Tuseme kijiji kina kaya 90 zinazotumia pampu ile. Wanakijiji wanakubaliana kwamba kila kaya ichangie shilingi 1,000 kwa mwezi. Mama mmoja anauliza, "Na bibi yangu asiye na mtu?" Wanajadiliana. Wanakubali kwamba kaya 15 za wazee na wagonjwa zisilipe. Zinabaki kaya 75. Hebu tufanye hesabu:

Kaya 75 mara shilingi 1,000 ni shilingi 75,000 kwa mwezi.
Shilingi 75,000 mara miezi 12 ni shilingi 900,000 kwa mwaka.

Hesabu hii ni ya mfano. Kila mahali pana bei zake. Kijiji hupaswa kushauriana na RUWASA na chombo cha maji cha wananchi kabla ya kupanga mchango. Lakini ona ajabu yake. Kijiji kilichosema "hatuna fedha" kimejiona kina fedha.

Mwisho mpango hupelekwa mbele ya watu wote. Kwa sheria ya mwaka 1982 ya mamlaka za wilaya, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndicho chombo chenye kauli ya mwisho juu ya mambo makuu ya kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, hutekeleza. Kwa hiyo mpango usiopitishwa na mkutano ni mpango wa wachache.

MALI BILA DAFTARI HUISHA BILA HABARI

Miradi mingi hufa baada ya sherehe. Ndiyo maana mafunzo hayaishii kwenye kupanga. Mtumishi hufundishwa pia usimamizi, naye huwafundisha wana kamati.

Jambo la kwanza ni daftari. Halihitaji elimu kubwa. Aliyehitimu kisomo anaweza kuliandika. Linakuwa na mistari minne: tarehe, fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, na fedha zilizobaki. Kwa mfano, zimeingia shilingi 75,000. Umenunuliwa mpira na amelipwa fundi, zimetoka 30,000. Zimebaki 45,000. Kila anayelipa apewe stakabadhi.

Jambo la pili ni watu. Anayeandika daftari asiwe ndiye anayeshika fedha. Fedha nyingi zisilale nyumbani kwa mtu, ziwekwe benki. Katika kamati wawemo wanawake, nao wasiwekwe kwa kupamba tu. Anayechota maji kila siku ndiye wa kwanza kusikia pampu ikilia vibaya.

Jambo la tatu ni kusoma hesabu mbele ya watu. Mkutano Mkuu wa Kijiji hupaswa kukutana kila miezi mitatu. Hapo mapato na matumizi yasomwe kwa sauti. Yabandikwe pia ukutani, mahali kila mtu anapopita. Ukimya juu ya fedha huzaa minong'ono. Minong'ono huzaa mgomo wa kuchanga. Na mgomo wa kuchanga hurudisha majani kwenye pampu.

Jambo la nne ni kutathmini. Baada ya mwaka mmoja wanakijiji wanakaa tena. Je, pampu ilisimama siku ngapi? Je, zile kaya 15 zinapata maji bila kusimangwa? Je, watoto wanaoharisha wamepungua? Wakiona kasoro wanarekebisha mpango. Mpango siyo msahafu. Unaweza kubadilishwa.

USHIRIKISHWAJI WA JINA

Hatupendi kuwadanganya wasomaji. Kazi hii si rahisi.

Inachukua muda. Mtumishi anayesikiliza hutumia siku nyingi kufanya jambo ambalo mwenzake angelitangaza kwa saa moja. Mkubwa wake wilayani anataka taarifa. Mwaka wa fedha unakwisha. Mfadhili anataka picha. Basi mtumishi hushawishika kupita njia ya mkato. Anaitisha mkutano, anasoma mpango uliokwisha kuandikwa ofisini, anauliza "Mmekubali?" na kupitisha karatasi ya mahudhurio. Kisha anaandika kwamba wananchi wameshirikishwa. Huo ni ushirikishwaji wa jina. Sahihi za mahudhurio haziwezi kubadilisha mpira wa pampu.

Kuna pia maneno makali. Wananchi wakiachiwa kusema, watasema hata yasiyopendeza. Watauliza mchango wa mwaka juzi ulikwenda wapi. Watasema kisima kiliwekwa karibu na duka la mkubwa fulani. Mtumishi aliyefundishwa hazimi maneno hayo, wala hapendelei upande. Huwasaidia watu wayamalize kwa hoja na kwa daftari.

Na lipo jambo la tatu, ambalo ni gumu kwa mtumishi mwenyewe. Amesoma. Ana cheti. Wakati mwingine anaona wazi wanakijiji wanakosea. Je, anyamaze? Hapana. Yeye naye ni mtaalamu, na utaalamu wake unahitajiwa. Wanakijiji wakitaka kuchimba kisima karibu na vyoo, ni lazima awaambie hatari yake. Lakini awaambie kama mwenzao anayetoa hoja, kisha wao waamue wakijua. Mwanakijiji analijua shamba lake, naye mtaalamu anajua dawa ya mdudu. Wakikaa pamoja, mdudu atakufa.

WEWE MWANAKIJIJI UFANYE NINI?

Usingoje mtumishi afundishwe kwanza. Nawe una wajibu wako.

Akija mtu na mradi, mwulize: Nani amesema tunauhitaji? Utagharimu kiasi gani? Sisi tutatoa nini? Ukiharibika, nani atautengeneza, na kipuri kinauzwa wapi? Wewe utaondoka lini, na sisi tutabaki na ujuzi gani? Hayo si maswali ya utovu wa adabu. Ni maswali ya mwenye mali.

Hudhuria mkutano wa kijiji. Asiyehudhuria hupangiwa na wengine, kisha hulalamika njiani. Na ukiwa mkutanoni, mpe nafasi yule asiyezoea kusema. Huenda yeye ndiye anayelijua dimbwi.

Mtumishi mzuri wa maendeleo utamtambua baada ya kuhamishwa. Kama kila kitu kilisimama siku aliyoondoka, alikuwa amekibeba kijiji mgongoni. Kama daftari linaandikwa, mkutano unakaa na pampu inatoa maji, aliwafundisha watu kutembea.

Basi siku moja mgeni atafika katika kijiji chetu cha mfano. Atawakuta akina mama kwenye foleni fupi, sakafu ya kisima imefagiliwa, na ua umefungwa. Atauliza, "Pampu hii ni ya nani?" Mtoto mwenye dumu lake atamshangaa mgeni huyo. Atajibu, "Ni yetu. Kwani hujui?"

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja mradi mmoja katika kijiji chako uliosimama. Ulizeni "kwa nini" mpaka muufikie mzizi.

2. Kwa nini wanaume na wanawake huchora ramani zisizofanana? Chora ramani ya kijiji chako mchangani, kisha ulinganishe na ya mwenzako.

3. Kijiji kina kaya 60 zinazochangia shilingi 1,000 kila mwezi. Je, zitapatikana shilingi ngapi kwa mwezi? Na kwa mwaka?

4. Hesabu za kijiji chako zilisomwa lini mara ya mwisho? Nani alizisoma?